Pipa Moja, Alama Mbili

Naapa kwa kaburi la baba yangu, mtu ambaye hakuwahi kusema uongo maishani mwake isipokuwa siku za mnada wa ng'ombe, kwamba haya ninayowasimulia leo ni kweli tupu, neno kwa neno. Najua kuna wasomaji walionipigia simu wakidai kisa cha pawatila langu, lile trekta la mkono, kuungua katikati ya mvua nimekitunga. Njooni Morotonga mjionee. Chuma kipo uani, kuku wanataga humo.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Kisyeri, mstaafu. Miaka thelathini na moja nimebeba chupa za mvinyo katika hoteli moja ya watalii huko mbugani. Nilipostaafu nikanunua pawatila, likaungua. Nikafuga nguruwe, wakafa wote wiki moja. Wiki iliyopita niliwaacha pale nilipojisifu kanisani, siku ya mavuno, kwamba mimi nikinusa kizibo tu nataja mwaka ambao zabibu zilichumwa.

Maneno yakatembea kuliko mwenyewe. Jumatatu ikaja barua. Nimeteuliwa kuwa jaji mkuu wa mashindano ya mvinyo wa kienyeji, Mugumu, Jumatano saa tatu asubuhi.

Mke wangu Rhobi aliisoma mara mbili.

"Jaji mkuu," alisema. "Wewe."

"Mimi."

"Wewe ambaye juzi ulitia chumvi kwenye chai ukidhani sukari, ukamaliza kikombe na ukaomba kingine."

"Chai ni chai. Mvinyo ni kitu kingine."

Akaenda kuanua nguo. Rhobi amechoka na mimi, na sasa hivi hata mimi namwelewa, maana nimechoka na mimi pia.

Alichokuwa anakijua, na ambacho sikukiandika kwenye barua ya kukubali, ni kwamba ulimi wangu ulistaafu kabla yangu. Ladha kubwa kubwa nazipata: chungu, tamu, moto. Zile ndogo ndogo zilishaniaga.

Mtauliza nilisomea wapi mvinyo. Mwalimu wangu alikuwa nyani. Mnacheka, lakini nimeshaapa. Kila asubuhi alikuwa anaruka ukuta wa hoteli na kumaliza mabaki kwenye glasi za wageni. Siku moja akanywa sita, akafika ya saba, akanusa, akaisukuma pembeni na kunitazama kama vile mimi ndiye niliyemwandalia. Nikaonja ile ya saba. Siki tupu. Tangu siku hiyo, kabla ya kupeleka chupa mezani nilikuwa nachungulia kwanza yule bwana ana maoni gani.

Mwalimu wangu wa pili ni wageni wenyewe. Nilimhudumia mume na mke, chupa moja, meza moja. Mume akasema inanukia peasi. Mke akasema inanukia majani yaliyokatwa. Wakaanza. Peasi! Majani! Simba jike akaja akalala chini ya baraza, hatua kumi kutoka mezani, wageni wengine wote wakakimbilia ndani, wale wawili wakabaki wanabishana. Asubuhi kila mmoja akaondoka na gari lake.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo limenilisha na sasa limeniponza. Kwenye mvinyo hakuna wa kukukosoa. Ukisema peasi ni peasi, mradi umesema kwa sauti nzito na umekunja uso kidogo. Nikanunua daftari. Nikawa nanakili maneno kutoka nyuma ya chupa: cheri nyeusi, ngozi ya tandiko, moshi wa mwaloni. Cheri sijawahi kuiona. Mwaloni ukinipita njiani siujui. Lakini nikiyasema, watu wananyamaza.

Basi, Jumatano hiyo.

Ukumbini palikuwa na dada mmoja kutoka Mwanza, anaitwa Neema. Ametumwa na hoteli tatu za mbugani kutafuta mvinyo wa hapa hapa kwetu Mara, wa ndizi, wa rozela, wa asali, kitu ambacho mgeni atakunywa na kusimulia kwao. Mwembamba, mpole, anaongea taratibu kama muuguzi kabla ya sindano.

"Glasi ni kumi na mbili," alituambia. "Hazina majina, zina namba tu. Kila jaji anaandika alama zake peke yake, chini ya mia moja, na maelezo mafupi. Hakuna kuongea. Atakayepata wastani wa themanini na kuendelea anaingia kwenye orodha ya hoteli. Chini ya themanini, msimu huu hatununui kwake."

Katibu alikuwa Lukmani, muuza viungo wa pale Mugumu. Mwislamu safi, kilevi hajui hata rangi yake, na ndiyo sababu walimchagua. Nani atamhonga Lukmani kwa chupa? Alikaa mlangoni upande upepo unakoingilia, na faili lake magotini.

Majaji wenzangu walikuwa wawili. Machage, bwana shamba mstaafu, amekuja kutoka Turwa. Nyangwine, mfugaji wa Kenyamonta mwenye duka la vinywaji. Wote watu wazima, wana wajukuu. Lakini rika lao liko nyuma ya rika langu. Walipotahiriwa, mimi nilikuwa nimesimama upande wa wanaotazama.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, na dada Neema wa watu asingeweza kujua. Kwetu Wakurya, mtungi ukiwekwa katikati, anayeonja kwanza ni mkubwa, na anayesema ikoje ni mkubwa. Mdogo hawezi kusema pombe hii chungu wakati mkubwa hajafungua mdomo. Hata kama inamkata koo atakaa nayo.

Tulionja sita za kwanza. Yakaja mapumziko. Nikawachungulia wenzangu. Karatasi zao nyeupe, hakuna hata nukta.

"Mura, mbona hamjaandika?" nikamuuliza Machage kwa sauti ya chini, nikimwita kijana kwa lugha yetu.

"Tata, baba yetu, tukutangulie vipi?"

"Si mmeonja?"

"Tumeonja. Tunasubiri."

"Mnasubiri nini? Mama kasema kila mtu na lake."

"Yule mama ni wa Mwanza," Nyangwine akasema. Akanisogezea karatasi yake chini ya meza. "Tuandikie tu, tata. Sisi tutaweka sahihi."

Ningekuwa mtu mwingine ningekataa. Ila nilikuwa nimekaa miezi mingi bila mtu kunisogezea kitu chochote chenye heshima. Pawatila limeungua, nguruwe wamekufa, mke anaanua nguo. Na hapa wanaume wawili wazima wanasubiri ulimi wangu.

Nikaandika. Karatasi zote tatu. Ili isionekane, Machage nikampunguzia alama moja hapa, Nyangwine nikamwongezea mbili kule. Hata maelezo nikayabadilisha kidogo kidogo, huyu nikampa cheri, yule nikampa ngozi.

Namba tatu niliipenda. Au niseme nilijipenda mimi wakati naionja, sina hakika tena. Nilikuwa na njaa, asubuhi ilikuwa ya baridi, na kuna mtu mlangoni alikuwa ametoka kuniita mtaalamu. Nikaandika: *Harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi la malisho. Katikati kuna cheri, kwa mbali moshi. Inakaa mdomoni kama habari njema. 93.*

Kwenye mapumziko tukaletewa mbuzi choma na pilipili ya kuponda. Nikala kama mtu anayelipwa kwa kilo. Jino langu la nyuma likaamka. Tuliporudi mezani mdomo ulikuwa unawaka, ungenipa maji ya betri nisingejua.

Ikaja namba tisa.

Nitawaambia ukweli, maana wiki hii nimekuja kuungama. Nilikuwa nimeshawapa wengi alama za juu, na nikawaza: jaji asiyemfelisha mtu nani atamheshimu? Lazima mmoja aanguke. Namba tisa ikawa imefika wakati zamu ya kuanguka imefika. Hakuna kingine.

Nikaandika: *Harufu ya gunia lililolowa. Chachu inakimbilia siki. Mtengenezaji ajifunze usafi. 57.*

Machage 56. Nyangwine 58.

Tulipomaliza Neema alizipitisha karatasi haraka haraka, macho yakamtoka.

"Nimesimamia mashindano mengi," alisema mbele ya watu wote. "Majaji huwa wanatofautiana mpaka unajiuliza kama wameonja kitu kimoja. Lakini hawa wazee watatu! Hawajapishana hata alama nne. Sijawahi kuona!"

Makofi. Machage akainamisha kichwa kama bibi harusi. Mimi nikasimama, nikapunga mkono. Usiku huo nililala vizuri, na ulikuwa usiku wa mwisho wa kulala hivyo.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nafunga kamba ya zizi. Nikasikia hodi.

Alikuwa Elieth, mjane wa ng'ambo ya mto. Namfahamu kwa mbali. Mumewe alifariki mwaka juzi na akamwachia ekari mbili, ambazo shemeji zake wanaziita zao. Elieth akazipanda rozela zote, akanunua pipa la bluu, akajifundisha mvinyo kwa kuuliza uliza. Nilijua anatengeneza. Sikujua kama aliingia mashindanoni, maana glasi hazikuwa na majina.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Hakukaa. Alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili.

"Nimekuja unifundishe," alisema. "Mzee Lukmani amenipa majibu yangu. Yako mawili. Dada Neema aliniomba chupa mbili, nikampa, kumbe kila moja aliipa namba yake. Nimepata wastani wa sabini na tano."

"Namba ngapi?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Tatu na tisa." Akasoma, polepole, kidole juu ya mstari. "Hapa umesema habari njema. Hapa umesema gunia." Akainua uso. "Tata, pipa ni lile lile. Chupa nilizijaza nikiwa nimesimama hapo hapo, moja baada ya nyingine."

Ningesema ukweli pale pale. Mngekuwa mnasoma hadithi fupi.

"Chupa ulizioshaje?" nikauliza badala yake.

"Kwa maji ya moto. Zote."

"Na zilisafirije?"

"Kwenye kikapu kimoja."

"Moja itakuwa iliona jua," nikasema kwa sauti ile nzito, na uso nikaukunja. "Mvinyo ukiona jua hata kidogo unabadilika. Watu wengi hawalijui hili."

Akaitikia kwa kichwa kama anayepokea mzigo. Hilo ndilo lililoniuma, na linaniuma hadi leo. Hakuja kugomba. Alikuja akiwa amekwisha kuamini kwamba kosa ni lake, alikuwa anatafuta tu mahali lilipo.

"Magige, shemeji yangu, alinipa msimu mmoja," alisema. "Nikiuza hotelini, shamba naliendesha mimi. Nisipouza, anarudisha mahindi na mimi narudi kwetu na watoto. Kwa hiyo nisaidie, tata. Hizi karatasi mbili, nishike ipi? Ipi ndiyo ya kweli?"

Mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali kama hilo asiniseme.

Ningechagua ya juu angeniuliza kwa nini basi nilimwangusha. Ya chini ilikuwa na sura ya utaalamu, mtu mkali anaaminika.

"Fuata ya chini," nikasema. "Sisi wataalamu tunafuata ya chini. Kwa usalama."

"Ahsante, tata."

Akazikunja karatasi vizuri, akaondoka. Rhobi alikuwa jikoni na dirisha liko wazi.

"Jua," alisema. "Kwenye kikapu."

"Nyamaza, mama."

"Nimenyamaza miaka arobaini."

Ijumaa ikapita. Jumamosi asubuhi nikaitwa Mugumu, ukumbi ule ule. Nikadhani ni cheti. Nikavaa koti.

Ndani palikuwa na Neema, Lukmani, Machage na Nyangwine. Hakuna cheti. Kulikuwa na meza na glasi tatu.

"Karibuni wazee," Neema akasema. "Nina tatizo dogo, nisaidieni. Huwa nina tabia ya kuweka mvinyo mmoja mara mbili, kwa namba tofauti, nione majaji wanafanyaje. Safari hii kura ilimwangukia Elieth. Mtu mmoja akipishana na nafsi yake, hiyo naijua, hata wataalamu wakubwa inawatokea. Asubuhi unapenda, mchana hupendi. Lakini nyinyi watatu mlipenda kwa pamoja, na baada ya saa moja mkachukia kwa pamoja. Hilo ndilo halijawahi kunitokea."

Machage akakohoa. Nyangwine akatazama kofia yake.

"Basi nataka tuonje tena. Glasi moja moja, na kila mtu aseme kwa mdomo. Tuanze na mzee Machage."

Machage akasogeza glasi mbele yangu.

"Mzee Machage?"

"Mimi?" Machage akanitazama, akatazama glasi. "Mama, nianze mimi?"

"Ndiyo, wewe."

"Mzee Kisyeri si yupo hapo?"

"Yupo. Nataka kusikia wewe kwanza."

Machage akasukuma kiti nyuma. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Mama, utanisamehe. Hilo siliwezi."

"Kuonja?"

"Kutangulia."

"Basi mzee Nyangwine."

"Mimi ni mdogo kuliko huyo," Nyangwine akasema haraka.

Neema akaketi. Nikaona anavyolifikiria jambo, taratibu, kama mtu anayefungua fundo kwa kucha. "Kama hamwezi kutangulia," alisema, "siku ile mliandikaje?"

Nilikuwa bado natafuta jibu, na ningelipata, mnanijua. Ila Lukmani alinyanyuka mlangoni na faili lake.

"Mimi mvinyo siujui," alisema. "Karatasi nazijua, kila siku naandika madaftari ya wateja." Akaziweka karatasi tatu mezani, mbele yangu. "Tazama tarakimu ya saba ilivyoandikwa, dada. Hii ya mzee Machage, hii ya mzee Nyangwine, hii ya mzee Kisyeri. Zote zimekatwa mstari katikati. Hapa Mugumu nzima sijaona mtu anayeikata saba hivyo."

Wageni wa hoteli ndio walionizoesha, ili bili ya chumba namba saba isisomeke kama ya namba moja. Miaka thelathini na moja. Mkono ulishasahau namna nyingine.

"Mzee Kisyeri," Lukmani akasema, bila ukali wowote. "Zote ni zako?"

Nilijaribu kukunja uso. Haukukunjika.

"Zote ni zangu," nikasema.

"Na namba tisa ilikuwa na nini?" Neema akauliza.

"Haikuwa na kitu, mwanangu. Nilikuwa nimekula pilipili. Na nilitaka kumfelisha mtu."

Machage akafunika uso. Hakuwa anacheka. Mkubwa kuaibika mbele ya mdogo kwetu ni kama kuvuliwa nguo, na yeye alikuwa amelazimika kutazama.

Neema hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikusanya karatasi zote, akazichana mara moja, akasema matokeo yamefutwa na sisi watatu hatutaonja tena. Wapishi wa hoteli wataonja wenyewe. Kila mshiriki alete chupa mbili mpya Jumanne. "Wote wameshapata ujumbe," alisema, "isipokuwa Elieth. Simu yake haipatikani tangu jana."

"Haitapatikana," Lukmani akasema. "Mteja wangu ametoka huko asubuhi hii. Magige amefunga ng'ombe wa plau. Anasema hamsini na saba ni hamsini na saba."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nikiwaza kwamba nikienda kule na mdomo wangu mtupu, Magige atauliza swali moja tu: mdomo upi? Maneno yangu yalikuwa hayabebi kitu tena. Nikaingia zizini nikamfungua mtamba wangu, yule mwekundu, aliyekuwa azae mwakani. Ndiye pekee aliyebaki baada ya yote.

Rhobi akatoka.

"Unampeleka wapi?"

"Kulipa."

"Kulipa nini?"

"Alama."

Nikangoja matusi. Akaingia ndani akatoka na kamba ya katani.

"Tumia hii," alisema. "Hiyo yako imeoza. Itakata njiani, halafu utarudi kusema simba alimla."

Nikavuka mto.

Shamba lilikuwa limelimwa nusu. Mistari ya rozela, na vile vitumba vyekundu, imefunikwa chini kama takataka. Jembe lilikuwa limesimama katikati, kwa sababu mbele ya ng'ombe alikuwa amesimama Elieth. Hasemi, hasogei. Magige ameshika fimbo, shati limemganda mgongoni, amechoka kutukana.

"Anhaa," akasema aliponiona. "Mtaalamu kaja kuangalia kazi yake. Shikamoo."

"Marahaba. Simamisha ng'ombe."

"Wamesimama, huoni? Mwondoe na huyu."

"Magige, nilikosea. Ile hamsini na saba niliitunga. Mashindano yamefutwa. Jumanne hoteli wanaonja upya."

"Umeitunga." Akacheka kidogo. "Na tisini na tatu?"

Nikamtazama mtamba.

"Uliitunga pia?"

"Pia."

"Sasa mzee wangu, mimi nisimame hapa na ng'ombe sita kwa kusikiliza nini? Jana wewe ni mkweli, leo ni mwongo, keshokutwa utakuwa nani?"

Ndiyo maana nilikuja na kamba. Nikaunyoosha mkono wenye kamba.

"Huyu mtamba atakaa kwako mpaka Jumanne," nikasema. "Hoteli wakichukua mvinyo, mtamba ni wa Elieth, kwa yale niliyomfanyia. Wasipochukua ni wako, na ulime mpaka mtoni, sitatia mguu hapa tena."

Magige akamzunguka mtamba. Akamshika nundu, akamtazama meno. Mkurya ukimpa ng'ombe, hasira inangoja kwanza.

"Ana mimba?"

"Miezi mitatu."

"Mm." Akamgeukia Elieth. "Umesikia. Lakini huyu mzee anywe hapa mbele yangu. Aseme sasa hivi, ameshiba au ana njaa, mvinyo wako ukoje. Nataka nijue ng'ombe anawekwa juu ya kitu gani."

Elieth akaenda nyumbani. Akarudi na chupa na kikombe cha plastiki cha watoto, chenye picha ya bata iliyofutika. Akamimina. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

Nikanywa.

Nilitafuta cheri. Nilitafuta mvua, moshi, tandiko, kila kitu kilichomo kwenye daftari. Hakuna kilichokuja. Ulikuwa mkali kidogo kwanza, ukanishika pande mbili za ulimi, halafu ukapoa. Sikuwa na neno lake. Nikajikuta nimenyoosha kikombe tena.

"Basi?" Magige akauliza. "Ngapi?"

"Ngapi sijui," nikasema. "Ila niongeze."

Elieth akaniongeza. Nikanywa na hicho, nikiwa nimesimama juani, katikati ya mifereji. Magige akanitazama mpaka chini ya kikombe.

"Hiyo siyo alama," alisema. "Lakini sijawahi kukuona umekosa maneno." Akapokea kamba. Akafungua nira, ng'ombe wakatoka shambani mmoja mmoja.

Nikashusha pumzi. Nawaambia, ilikuwa mara ya kwanza katika miezi mingi mabega yangu kushuka. Mtamba umekwenda, jina limekwenda, lakini nusu ya shamba imesimama.

"Mwanangu," nikamwambia Elieth, "Jumanne saa mbili upeleke chupa mbili. Zioshe kama ulivyoosha zile. Habari ya jua isahau, nilikudanganya."

Alikuwa anatazama kikombe.

"Chupa mbili za nini, tata?"

"Za mvinyo. Kutoka kwenye pipa."

"Pipa nimelimwaga," alisema. "Jana asubuhi. Uliniambia nifuate ya chini. Iliandikwa siki, nikaogopa nisije nikawadhuru watu wa hoteli."

Nilisikia, ila sikuelewa mara moja. "Na hii niliyokunywa?"

"Ilikuwa imesahaulika chini ya kitanda. Moja tu." Akaiinua chupa kwenye mwanga. Ilikuwa imebaki robo, haifiki robo. "Umekunywa vikombe viwili."

"Mbona hukusema? Mbona uliniacha nikanywa, nikatoa ng'ombe?"

Akafunga kizibo, polepole.

"Nilitaka kujua kwanza," alisema, "kama nilimwaga kitu kizuri."

Nyuma yangu Magige alikuwa ameshafika kwenye zizi lake, na nilimsikia akimfundisha mtamba wangu jina jipya.